Matairi Laini ya Hjalti

Siku hizi kuna handaki chini ya mlima. Unaingia na kigari chako cha mjini, redio inaimba, unatokea upande wa pili kahawa ikingali moto. Vijana huniuliza, shangazi Ragna, zamani mliishije huku? Tuliishi! Tena tuliishi vizuri kuliko nyinyi, msinitibue.

Zamani, kutoka ghubani kwetu kwenda hospitali, ilibidi upande Skarð, njia inayokatiza juu ya mlima. Theluji ilianza kuifunga Novemba na kuiachia ikipenda yenyewe. Mtu aliyeipanda hata hivyo alikuwa kaka yangu Hjalti na lori lake. Alishapandisha mkunga, barua za Krismasi, na mara moja mchungaji wa kanisa aliyetapika njia nzima huku akiomba msamaha wa dhambi ambazo sisi hatukutaka kuzijua. Hjalti alikuwa mrefu, mkimya, mbishi kuliko kondoo dume, na mikono yake ilinuka dizeli hata akiwa kanisani. Nilimpenda sana, ingawa sikuwahi kumwambia. Kwetu hayo hayasemwi.

Mkewe aliitwa Salvör. Wifi yangu huyo alikuwa na sauti ya kwanza katika kwaya na ulimi usiokaa kimya. Tulitukanana kila asubuhi juu ya kahawa, na siku nisipokwenda alituma mtu kuuliza kama nimekufa.

Mwaka mmoja alirudi kutoka Reykjavik, mji mkuu, majira ya vuli akiwa na ugonjwa ambao madaktari walishaukatia tamaa. Walitaka akae mjini, ng'ambo ya Skarð, karibu na hospitali. Yeye alitaka kufia kitandani mwake.

"Kufa siogopi," alituambia, akiwa bado na koti. "Ninachoogopa ni maumivu kunizidia huku njia imefungwa, nikalia humu ndani kama mnyama mtegoni. Hjalti, nitazame. Utaweza kunipandisha Skarð siku yoyote, hali yoyote? Ukiweza, nabaki. Usipoweza, sema mapema nikatafute chumba mjini."

"Nitaweza," alisema Hjalti.

Lakini matairi ya lori yalikuwa yamebaki vipara. Ilikuwa Septemba, na hapo kaka yangu akafanya kosa ambalo wanaume wote wa ghuba yetu hulifanya. Hununua matairi wakishamaliza tu kuteremsha kondoo kutoka milimani, wakati vichwa vyao vingali vimejaa yale mawe makali yaliyowachania matairi huko juu. Basi akachagua magumu kupita yote dukani, mbavu nene, meno marefu, akarudi anayapiga teke kwa furaha.

"Haya hata shoka halipiti, Ragna!"

"Nani atakupiga shoka juu ya Skarð?" nilimuuliza.

Theluji ya kwanza nzito ilipoanguka, tukaenda kuyajaribu kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa. Desturi yetu kwenye theluji ni kutoa upepo, kutoa na kutoa, mpaka tairi lilale, litanue tumbo, lipite juu bila kuzama. Hjalti akatoa upepo karibu wote. Matairi yakasimama vilevile, magumu kama mkate wa wiki iliyopita. Akatia gia. Lori likajichimbia shimo, likazama mpaka milangoni, na Salvör alikuwa dirishani kwake anatazama.

Tuliporudi ndani alitumiminia kahawa, akatuwekea samaki mkavu na siagi kama kawaida. Kisha akasema taratibu, "Wifi, naomba uniteremshie sanduku langu la safari kutoka darini."

Hjalti aliacha kikombe chake, akatoka. Nilimfuata, nikamkuta nyuma ya gereji amelaza paji la uso kwenye bodi ya lori, analia. Mtu mzima yule!

"Sanduku siliteremshi," nikamwambia. "Katafute matairi mengine."

Alizunguka shamba hadi shamba, na Salvör akang'ang'ania kwenda naye, nami nikaenda kumshika mkono. Tukayapata kwenye zizi la mzee Bergur, matairi mapana yaliyokwisha kutumika, mbavu zimelegea, na kuku wanatagia ndani yake.

"Hayo nimeyatupa," alisema Bergur. "Laini mno. Jiwe moja tu, kwisha kazi."

"Mawe yatakuwa chini ya theluji, Bergur," alisema Hjalti.

"Wewe si ndiye uliyenicheka nilipoyanunua? Tena mbele za watu!"

"Nilikucheka. Leo unicheke wewe."

Salvör alimfukuza kuku, akakalia tairi moja. Likabonyea chini yake. Akajitikisa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Reykjavik. "Hili linafaa. Hata makalio yangu haya yaliyobaki mifupa yamelikubali. Bergur, watafutie kuku wako nyumba nyingine."

Jioni zote za mwezi ule Hjalti alikaa gereji akiyachanja meno ya matairi kwa kisu cha moto, mchanjo mwembamba baada ya mchanjo, yashike barafu. Salvör alikaa karibu na jiko amejifunga blanketi, akimwonyesha aliporuka. Nilikuwa nikiwapelekea maandazi ya kusokota. Harufu ile ya mpira ulioungua mtu mwingine angeikimbia. Mimi ningetoa chochote niinuse tena.

Februari, asubuhi ya dhoruba, maumivu yakamjia vibaya. Dawa alizoachiwa na muuguzi zilimtuliza kidogo, lakini akasema, "Twendeni." Tukampakia kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Chini ya Skarð Hjalti akatoa upepo. Safari hii matairi yakalala, yakatanua matumbo, na lori likaanza kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mbele hatukuona kitu ila weupe. Nusu ya njia tairi moja likachomoka kwenye rimu. Hjalti akashuka, akapiga jeki, akapulizia gesi ya kujazia kiberiti ndani ya tairi, akawasha. Puu! Mlipuko ukalitanua, likarudi mahali pake.

"Mume wangu ameamua kuushinda ugonjwa mbio," alisema Salvör, akacheka huku ameshika tumbo.

Tukafika juu. Upande wa pili dhoruba haikufika na barabara ilikuwa wazi, huko hata bibi na baiskeli angeteremka.

"Simama," alisema Salvör. "Tumefika juu kweli?"

"Kweli. Sasa ni kuteremka tu, mpenzi. Hospitali ile pale."

Salvör aliinua kichwa, akatazama nje. "Basi geuza. Turudi nyumbani."

"Una kichaa?" nilimfokea. "Umetutoa nyumbani na dhoruba hii kuja kutalii?"

"Ndiyo, wifi. Maumivu nayaweza. Nilitaka kujua kama njia ipo. Ipo."

Hjalti alikaa ameshika usukani, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kisha akageuza.

Maumivu yalimrudia mara nyingi baada ya siku ile, lakini hakuomba tena kupelekwa. Hjalti hakutaka kubahatisha. Kila asubuhi kabla ya kahawa alikagua upepo, akawasha injini na kuiacha ingurume chini ya dirisha lake, kisha akaingia kumwambia gari liko tayari. Naye Salvör alimjibu, "Labda kesho." Ndivyo walivyoishi mpaka Mei.

Asubuhi ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nimemshika Salvör mkono, nao ulikuwa umeshapoa. Injini ilikuwa inanguruma uani, kisha nikasikia Hjalti anapangusa viatu mlangoni. Akaingia, kofia mkononi, akafungua mdomo kusema.

"Kaka," nikamwahi, "kazime gari."