Gari Tulilopewa na Jumuiya

Daktari alipomwambia mume wangu kwamba vidonge vya kisukari peke yake havitoshi, lazima atembee kila siku, tuliamua kwenda kazini kwa miguu, kutoka nyumbani Njiro mpaka ofisini Kijenge. Nilifurahi kupita kiasi. Nyumbani mume wangu ni bubu, lakini barabarani aligeuka kasuku.

Tatizo lilikuwa majirani. Kwetu mtu mzima aliyevaa shati lililopigwa pasi haachwi atembee. Kila asubuhi gari lilisimama mbele yetu.

"Shikamooni wazee. Pandeni, jua kali."

"Marahaba. Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi na viatu vya ofisini? Pandeni bwana!"

Kukataa lifti ni kiburi, na mume wangu anaogopa kuitwa mwenye kiburi kuliko anavyokiogopa kisukari. Tukawa tunapanda. Ilifika mahali tukawa tunapita vichochoroni nyuma ya kuta za watu, kama wezi wa kuku, ili tu tutembee kwa amani.

Kumbe jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inatujadili. Jumamosi moja baada ya ibada, nyumbani kwetu, mzee wa kanisa alisimama akasema Mungu ameyaona mateso ya familia hii. Nje ya geti palikuwa na gari dogo, chakavu lakini limeoshwa, la mwenzetu aliyehamia Dar. Wanawake wakapiga vigelegele. Likaombewa mpaka matairi. Nilisimama pale nikitabasamu, na ndani nilitaka kulia kwa hasira. Ungekuwa wewe ungesema nini? Watu wale walitupenda kweli.

Tenda wema nenda zako, wahenga walisema. Wao walitenda, wakaenda zao, wakatuachia gari. Sasa mume wangu huliwasha hata kwenda kununua mkate duka la jirani. Nikimwomba tutembee kidogo jioni, ananijibu, "Watasema gari lao limetushinda." Akiwa kwenye usukani hufungulia redio, haongei.

Wiki hii tulikwenda kliniki. Daktari alimuuliza kama bado anatembea. Akajibu ndiyo, kila siku. Basi daktari akamwambia avue viatu, afumbe macho. Akamgusa kidole gumba cha mguu, akamuuliza kama anahisi chochote.

Mume wangu alifumbua macho akanitazama mimi, akisubiri nimwambie la kujibu.