Pua ya Baba na Gari la Gesi

Baba alishuka kwenye treni ya Lubumbashi akiwa amekumbatia tangi la chuma, na hakutaka mtu yeyote amsaidie. Alikuwa amekwenda kumzika mwenzake wa zamani wa reli. Tulimngoja baada ya juma moja, akakaa huko zaidi ya mwezi. Nilipomfikia pale stesheni nilimkuta amekonda, ndevu zimejaa, macho yanawaka. Miguuni kwake kulikuwa na gunia lenye mabomba ya shaba na vyuma nisivyovijua.

“Mama,” aliniambia, maana kwetu akina baba huwaita binti zao hivyo, “hii njo itatutoa mu taabu ya esansi.”

Taabu hiyo ya esansi, yaani petroli, niliijua kuliko yeye. Gari lilikuwa langu na mimi ndiye niliyeliendesha, nikipeleka watu na mizigo kati ya mji wetu wa Kamina na Base ya jeshi: wake wa askari na mabeseni yao ya samaki, walimu, wagonjwa wasioweza kukaa kwenye pikipiki. Reli ikikatika, au mvua ikila barabara, esansi inakauka mjini kote. Inayobaki inauzwa kwenye chupa kando ya njia, nayo imechanganywa na mafuta ya taa. Basi gari linalala uani, nami silali. Nakwenda sokoni bila cha kununua, narudi, nafungua boneti, naifunga. Watoto wangu walizoea kuniambia, “Mama, kaa chini basi.”

Kule Lubumbashi, baba alikuwa ameona gari linalotembea kwa gesi ya kupikia. Mwenye gari alimfungulia boneti akamwonyesha kila kitu, na baba akabaki huko akijifunza, mzee wa miaka sabini anayelala chini ya magari ya watu.

Kazi ilimchukua majuma matatu. Tangi alilifunga kwa boliti ndani ya buti. Kutoka pale bomba la shaba likapita chini ya gari mpaka kwenye injini, kwenye kifaa kilichofanana na sahani mbili zilizofunikana. Alikiita detanderi. Alinieleza kwa subira, kama alivyokuwa akiwaeleza mafundi wake wa karakana ya reli. Gesi ndani ya tangi ni maji. Ikifika kwenye detanderi, maji ya moto ya injini yanaipasha, inageuka hewa, na hewa hiyo ndiyo injini inayokula. Kwenye dashibodi aliweka swichi moja. Asubuhi unawasha kwa esansi kidogo, unangoja injini ipate joto, kisha unageuza swichi.

“Na ikivuja?” nikamwuliza.

“Gaz haipandi, inashuka. Inalala chini sawa maji. Lakini benye kuitengeneza balitiamo harufu mubaya, juu muntu aisikie mbele ya hatari. Utaisikia tu.”

Gesi yenyewe ilikuja kwa treni, kwenye chupa kubwa. Tuliihamishia tangini mahali pa wazi nyuma ya nyumba, mbali na majiko ya makaa ya majirani. Baba alikataa kulijaza tangi mpaka juu, akisema gesi inahitaji nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Siku ya kwanza nilipogeuza ile swichi, injini ilisita mara moja, kisha ikaendelea kwa sauti laini kuliko nilivyowahi kuisikia. Baba, kwenye kiti cha abiria, alipiga makofi. Tulikwenda Base na kurudi. Watu walisimama kututazama, kwa sababu habari zilikuwa zimekwisha kuenea kwamba binti wa yule mzee wa reli anaendesha chupa ya jikoni.

Juma la pili ndipo nilipoanza kusikia harufu.

Haikuwa kali. Ilikuja kama kitunguu kilichooza, ikapotea, ikaja tena gari lilipopunguza mwendo. Nilisimamisha, nikashuka, nikafungua buti, nikainamisha kichwa. Baba alishuka nyuma yangu, akainama pia, akavuta pumzi ndefu.

“Minyi sisikie kintu.”

“Papa, iko. Hapa, hapa chini.”

“Njo woga wako. Woga iko na harufu yake.”

Nilimwamini, kwa sababu pua ya baba ilikuwa na sifa mjini. Zamani aliweza kupita kando ya behewa na kusema ekseli ipi inaungua grisi. Wauza chupa za esansi walimchukia, maana alifungua kizibo, akanusa mara moja, akasema, “Hii munatiamo mafuta ya taa,” na hakukosea. Nikajiambia kuwa pua ya namna hiyo haiwezi kushindwa na yangu.

Lakini sikutulia. Niliendesha vioo vikiwa wazi hata mvua inyeshe. Nilisimama mara tatu, mara nne kabla ya kufika Base, nikizunguka gari kama mtu aliyedondosha kitu. Abiria walilalamika. Mmoja aliniambia bora apande baiskeli. Nyumbani nilihamisha gari kutoka chini ya dirisha la watoto nikaliweka karibu na njia, kisha nikaogopa mpita njia mwenye sigara, nikalirudisha.

Asubuhi moja tulikuwa tunarudi kutoka Base, baba kando yangu, na nyuma amekaa mke wa askari aliyekuja Kamina kutoka mkoa wa Équateur. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Hatukuwa tumefika mbali alipoanza kunusanusa.

“Mama, weye hausikie?” akaniuliza.

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama mbele.

“Kusikia nini?” nikasema, na nikaona haya papo hapo.

“Gaz! Simamisha motokari. Simamisha, nashuka na mutoto wangu!”

Nikasimamisha. Alishuka na mtoto, akavuta beseni lake, akasimama kwenye majani akitutazama kama watu tuliomkosea. Nilimsihi angoje nimwitie pikipiki. Hakutaka. Alianza kwenda kwa miguu, beseni kichwani, na barabara ilikuwa bado ndefu.

“Banamuke ba Base banapenda kelele,” baba akasema. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Mkono wake ulishika mlango na haukuuachia mpaka nyumbani.

Tangu hapo niliacha kugeuza swichi. Nikarudia esansi ya chupa. Sikumwambia baba kwa nini, naye hakuuliza. Siku ya tatu nilinunua chupa kwa muuzaji nisiyemfahamu karibu na soko, na nilipoifungua nyumbani harufu ya mafuta ya taa ilinipiga usoni. Hata mtoto angeijua. Nilikuwa nakaribia kuirudisha kwa hasira, baba akanyoosha mkono.

“Leta nionje.”

Ndivyo alivyosema siku zote, nionje, ingawa alinusa tu. Aliiweka chupa chini ya pua. Akafumba macho. Akangoja kidogo, akaniangalia mimi, si chupa, akaniangalia kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu ili ajue jibu.

“Hii iko muzuri,” akasema.

Nilibaki na kizibo mkononi. Nakumbuka jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ukuta, na mchi wake haukuacha.

“Papa, tangu lini hausikie harufu?”

Alikunja uso, tayari kunigombeza. Kisha akaiweka chupa chini, polepole, akakaa kwenye tairi kuukuu tulilolifanya kiti.

“Tangu ile homa,” akasema. “Ile ilinilaza mbele ya mvua kuanza. Nilipona, lakini harufu hairudie. Chakula njo vile vile, nakula kama ninatafuna kartoni. Nilisema itarudia. Kila asubuhi nanusa sabuni, nanusa kahawa. Kintu hakuna.”

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Fundi bila pua, nani atamupa motokari? Weye ungenipa?”

Nilikuwa na hasira. Nilimfikiria yule mtoto mchanga, niliwafikiria wangu waliolala na dirisha wazi juu ya lile buti. Nilitaka kupiga kelele. Nilizunguka gari mara mbili, nikarudi, nikamkuta bado amekaa vile vile, mikono juu ya magoti, ile mikono mikubwa yenye kovu la mvuke wa mashine. Nilijua kwamba ningempa gari. Ningempa, na ningemwangalia kila dakika, na hilo ndilo alilolikimbia.

“Simama tutafute,” nikamwambia.

Alikoroga sabuni ya kufulia kwenye bakuli hadi ikawa na povu zito. Nililala chini ya gari mimi, yeye akapiga magoti kando akiniongoza. Pua yangu ilitafuta, na pale nilipoona harufu imezidi nilimwita, naye akapaka povu kwenye bomba kwa kitambaa. Mahali pa kwanza, hakuna. Mahali pa pili, hakuna. Karibu na springi ya nyuma, ambapo bomba la shaba linapinda kuingia kwenye buti, povu lilianza kuvimba. Viputo vidogo vilitoka kimoja kimoja, vikapasuka, vikatoka vingine.

Baba aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa udongo. Alivitazama muda mrefu. Barabara yetu ya mashimo ilikuwa imelisugua bomba kwenye chuma mpaka likachoka.

“Weye ulisema,” akasema. “Ulisema toka mwanzo.”

Alifunga valvu ya tangi, tukangoja hewa iliyobaki iishe, akakata kipande kibovu, akatia kipya, akakivika mpira wa tairi la baiskeli mahali pote palipogusa chuma. Kazi aliifanya vizuri. Mikono haikuwa na kasoro yoyote. Kesho yake nilimtafuta yule mke wa askari sokoni nikamwomba msamaha. Alinisikiliza huku anapanga samaki, akasema amesikia, lakini gari langu hatapanda tena. Na hajapanda.

Tukapatana, mimi na baba, kwamba asubuhi ni mimi ninayenusa na yeye anayekagua, na gari haliondoki kabla hatujasema sote wawili. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda hivyo.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna asubuhi moja ya kiangazi. Abiria wanne walikuwa wamekwisha kukaa, mmoja wao anawahi mtihani wa shule. Baba alikuwa amekagua. Alinitazama, akaniuliza, “Iko muzuri?” Nilisikia harufu. Hafifu sana, labda mabaki ya kujaza tangi jana yake, labda sivyo. Nikasema, “Iko muzuri,” nikaondoka.

Sikufika hata nusu ya njia. Kila jiwe lililogonga chini ya gari nililisikia mgongoni. Nilisimama, nikawashusha wote, nikafunga valvu, nikawaitia pikipiki. Yule mwanafunzi alifika amechelewa, ila walimruhusu kuingia. Nilirudi kwa esansi, polepole, nikamkuta baba njiani mbele ya nyumba, kana kwamba alijua. Nilimwambia ukweli. Nilitegemea anigombeze, na kwa kweli ningefurahi.

“Sasa weye pia unajua,” akasema, akaenda kutafuta spana.

Ilikuwa nati iliyolegea kwenye tangi, mzunguko nusu tu. Aliikaza.

Siku hizi reli imekatika tena na chupa za gesi hazijafika. Baba huenda stesheni kila asubuhi kuuliza, anarudi saa sita bila jibu, anakunywa maji, anakwenda tena jioni. Nikimwambia apumzike ananiuliza mimi mwenyewe nimekaa chini lini mara ya mwisho. Jana alianza kuchora kwenye kartoni namna ya kuliinua bomba lipite ndani ya gari badala ya chini yake. Nilimwambia hapana, ndani ndimo walimo watu. Tukabishana mpaka chakula kikapoa.