Besi ya Ndunda na Mtungi Wangu

Mwanangu Ndunda alizaliwa na vidole virefu hivi kwamba mkunga alidhani ni mapacha wameshikana mikono. Msinibishie. Mkunga amekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nimelala pale. Vidole hivyo vingemfaa fundi cherehani, au hata mwizi. Vikaenda kubeba simiti.

Alikuwa anafanya kazi Athi River, kwenye ghala la tajiri mmoja wa Nairobi, kushusha mifuko na kuipandisha kwenye malori. Jumamosi akija nyumbani hapa Katelembo alikuwa mweupe mpaka kwenye kope, kama mtu aliyetoka kaburini kuulizia chakula chake. Nilimcheka sana. Halafu akaanza kukohoa, nikaacha kumcheka. Daktari aliyempima kifua alimwambia aachane na hilo vumbi kabla halijamziba mapafu. Huo ulikuwa mwaka wa 1999. Ndunda alikuwa na miaka ishirini na saba na hajaoa.

Lakini mtu ataacha kazi aende wapi? Yeye alikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa gitaa la besi. Alilipata kwa mzee wa Masii aliyekuwa ameokoka, ambaye hakutaka lilale tena nyumba moja na Biblia yake. Lilikuwa na nyuzi nne, nene kama kamba ya kufungia mbuzi. Na kule Kyumbi kulikuwa na Titus, mwenye bendi, ambaye mpiga besi wake alikuwa ametorokea Mombasa na mke wa mtu. Titus akamwambia Ndunda afanye mazoezi miezi mitatu, kisha Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka aje asikizwe. Akifaa, kazi ni yake, harusi na harambee kila wiki. Akifaa, vumbi basi.

Sasa gitaa la namna hiyo bila amplifaya ni kuku anachakura nyuma ya jikoni. Kwa hivyo tukaenda kwa Onesmus, fundi wa redio pale Kyumbi. Mimi nilienda kwa sababu kwetu kijana ambaye hajajenga nyumba yake hapitishi mlangoni kitu ambacho mama amekikataa. Ndunda alitaka nikubali kabla, si baada.

Onesmus alituonyesha vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa sanduku la mbao lililonifikia kiunoni, na spika yake pana kama ungo. Cha pili kilikuwa kisanduku kama mkebe wa biskuti, chenye spika aliyoing'oa kwenye redio. Vyote vilitumia betri ya gari, maana stima kwetu tulikuwa tunaiona ikipita juu kwenye nyaya ikienda kwa watu wengine.

Ndunda akauliza kama lile kubwa halitasumbua nyumbani.

"Kelele ni mkono, si sanduku," Onesmus akamwambia. "Hili unaweza kulipiga pole pole mpaka mama yako asinzie. Lakini ukikosea, unasikia. Hako kadogo hakawezi kushuka mpaka chini kwa besi. Katakuwa kanakudanganya."

Nikamuuliza kama mke wake anajua anauza masanduku yanayosema ukweli. Kisha nikawasimulia habari ya mtu wa Mwala aliyeingiza sanduku kubwa kama hilo nyumbani kwake. Mpigo wa kwanza, maziwa yakaganda kwenye kibuyu. Mpigo wa pili, ukuta ukapasuka na jirani akaonekana akioga. Mpigo wa tatu, mtoto wa chifu aliyekuwa anaota meno, meno yakarudi ndani, na mpaka leo anakula uji. Ndunda alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Alipotulia akaniita mama kwa Kikamba chetu, akasema, "Haya, Mwaitu. Wewe unataka gani?"

"Hako kadogo."

Onesmus alimtazama Ndunda. Ndunda akaweka kiganja kwenye kitambaa kilichofunika spika ya lile sanduku kubwa, vile mtu anamshika ng'ombe wa jirani ambaye hawezi kumnunua, kisha akabeba mkebe.

Niseme hapa hapa, nisije nikajificha nyuma ya maneno. Sikuwa naogopea maziwa wala ukuta. Sanduku kubwa niliona ni la mtu anayeondoka. Wapiga gitaa niliowajua mimi walirudi kwao siku ya kuzikwa. Nilitaka apige, lakini apige kidogo.

Nyumbani, mkebe ukalia kama mbu kwenye chupa. Ndunda akawa anaupiga uzi kwa nguvu autafute ule mlio wa chini, mpaka kucha zikachanika. Jumamosi ya tatu nilimwona amekaa kitandani gitaa likiwa magotini, hapigi. Roho ikaniuma, lakini haikuniuma vya kutosha kusema tuurudishe mkebe kwa Onesmus. Nikatoa mtungi wa mama yangu, ule mkubwa uliokuwa wa pombe ya miwa kabla ya padre kutukataza. Nikamwambia aelekeze mkebe ndani ya mdomo wa mtungi.

Ikatoka sauti nene, yenye tumbo. Jirani yangu Kavutha alivuka shamba kuuliza tumenunua fahali lini. Hapo mimi nikapanda bei. Akina mama wa jumuiya niliwaambia mtungi wangu unaita mawingu, na kwa bahati mvua ikanyesha Alhamisi hiyo, basi nani angenishinda? Ndunda alipiga kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa, akitabasamu kama mtu aliyepata mchumba. Pasaka ilipofika alimwambia msimamizi wa ghala atafute mtu mwingine.

Jumapili yenyewe tulienda pamoja, saa nane mchana, nyuma ya hoteli moja pale Kyumbi. Watu wa bendi walikuwa wamekaa kwenye makreti ya soda. Titus akachomeka waya wa gitaa la mwanangu kwenye amplifaya yao, kubwa kama kabati la sahani, akamwambia aanze.

Akaanza. Nilidhani kuna lori linapita. Kila uzi alioupiga, zile nyuzi tatu ambazo hakuzigusa nazo zikaitika, zikaendelea kuitika hata alipokuwa ameshaenda kwingine. Mlio ukapanda juu ya mlio, mpaka mpiga ngoma akakosa pa kuweka fimbo yake. Ndunda akazidisha nguvu, kama alivyozoea, na makelele yakazidi. Glasi zikalia kwenye meza. Jamaa mmoja wa bendi akafunga masikio akicheka.

Titus akainua mkono. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikata zaidi.

"Ndugu yangu, vidole uko navyo," akasema. "Lakini nyuzi ambazo huzipigi zinaimba zenyewe. Huwa huzizimi kwa kiganja?"

"Nyumbani hazilii," Ndunda akasema.

"Nyumbani unapigia nini?"

Ndunda akanitazama, mara moja tu. "Kamkebe," akajibu. "Ndani ya mtungi."

Wakacheka mpaka kreti moja likapinduka. Titus peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alimweleza pole pole kwamba mtungi una mlio wake mmoja, unaufunika kila kitu kwa huo, na mtu akijifunzia humo hawezi kujua mkono wake unaacha nini nyuma. Kwamba hiyo ni tabia ya mkono sasa, na kuitoa ni mwaka mzima. Kwamba yeye yuko na harusi wiki ijayo.

Kisha ikawa zamu ya kijana mmoja wa Syokimau aliyekuja kusikizwa pia, anaitwa Jeff, mwenye kofia imegeuka nyuma na zile salamu za niaje za vijana wa mjini. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vya mtu wa kula chapati. Lakini akipiga, mlio unakuja, unakaa, unakwisha. Katikati kulikuwa kimya, na ngoma ikaingia kwenye hicho kimya kama mtu anaingia kwake. Hapo ndipo nilipoelewa, mimi ambaye sikukanyaga darasa, kile Onesmus alichokuwa anasema. Kazi wakampa Jeff.

Tulirudi kwa miguu. Nilijaribu kumwambia kwamba yule Jeff kichwa chake kimekaa kama kiazi. Tulipofika kwenye daraja akaniambia, bila ukali, "Mwaitu, mimi nilitaka lile kubwa." Nikamwambia najua. Akasema, "Ulijua siku ile?" Nikamwambia nilijua. Akanipokea mkoba wangu, maana kilima kilikuwa kimeanza, akatangulia.

Jumatatu alienda kumwangukia msimamizi miguuni. Akarudishiwa kazi, lakini si mahali pake pa mlangoni penye hewa. Akawekwa ndani, kule mifuko iliyopasuka inakozolewa kwa koleo.

Ilipofika Agosti niliuza mbuzi wawili na kwenda kwa Onesmus peke yangu. Lile sanduku lilikuwa bado liko. Nilimlipa mtu wa mkokoteni alilete mpaka njiani, na kutoka njiani nikalibeba mwenyewe mgongoni kwa kamba ya kuni, na hapa sijaongeza chumvi. Nikaliweka chumbani mwa Ndunda, nikalifuta, nikalaza gitaa juu yake.

Jumamosi akaingia na simiti yake kwenye kope. Alisimama akaliangalia. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda kilima, na alikuwa ametoka tu langoni.

"Mwaitu," akasema, "toa hii kitu. Nataka kulala."

Nikamwambia apige hata kidogo tu, nisikie.

"Nimechoka, Mwaitu. Toa."

Nikalivuta mpaka nje. Alikuwa ameshalala na viatu.