Monsieur Constant, Jumatatu Mpaka Jumamosi

Kwa miaka kumi na minne Régine Kabwe alilipwa mshahara ili asiamini anachoambiwa, na kazi hiyo ilimkaa vizuri mwilini. Watu wa Brussels waliohukumiwa kifungo cha nje walikuja mbele ya meza yake mmoja mmoja, kueleza kama wanatii masharti ya hakimu. Sijanywa, madame. Natafuta kazi, madame. Barua haikunifikia, madame. Yeye aliandika yote, kisha kwa kila uongo akatia nukta ya penseli pembeni mwa ukurasa. Zilikuwepo kurasa zilizofanana na uso wa mtoto mwenye surua.

Zamani ofisi yao ilikuwa chini ya serikali ya shirikisho. Baadaye ikakabidhiwa jumuiya ya wasemao Kifaransa: vibao vya mlangoni vikabadilishwa, hotuba zikasomwa, viti vikabaki vilevile, na msumari uliokuwa ukimchana Régine soksi chini ya serikali ya shirikisho ukaendelea kumchana chini ya jumuiya.

Alizaliwa Likasi, akaja Ubelgiji kusoma akiwa na miaka ishirini, na sasa alikaa Ganshoren, mahali ambapo hata mbwa hubweka kwa adabu. Kanisani walimwita maman polisi, naye hakukanusha. Ofisini hakusema Kiswahili hata neno. Katika mwaka wake wa kwanza, mwizi mmoja wa Lubumbashi alimwita "mutoto ya kwetu," na dakika tano baadaye akamwomba asahau kuandika tarehe mbili. Tangu siku ile, aliyetaka kuzungumza na Régine alizungumza Kifaransa, au alingoja mkalimani aliyeapishwa. Régine alisema huo ndio usawa. Hakusema kwamba ulikuwa pia na utamu wake, kuwatazama watu wa kwao wakihangaika na vitenzi.

Jalada la Éliézer Bisimwa lilimfikia kutoka kwa mwenzake Anaïs, aliyekwenda kujifungua. Éliézer, mtu wa Bukavu, alikuwa amempasua jirani yake kichwa kwa chupa kwenye sherehe ya komunyo. Alipewa miezi kumi na minane, lakini gereza likawekwa kando kwa masharti matatu: asinywe, aende kwa mshauri, na afanye kazi na kuonyesha ushahidi wa kazi hiyo. Kunywa aliacha. Kwa mshauri alikwenda. Ni hilo la tatu lililokuwa limeoza, na harufu yake ilianzia ukurasa wa pili wa ripoti ya Anaïs.

Anaïs alikuwa na huruma nyingi na Kifaransa kizuri, vitu viwili ambavyo Régine hakutamani kuviona ndani ya ripoti moja. Alikuwa amemhoji Éliézer kwa msaada wa Bi Imani, Mtanzania mkazi wa Uccle, mkalimani wa simu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi mpaka kola. Anaïs aliuliza: monsieur anafanya nini mchana kutwa? Éliézer akajibu maneno machache. Bi Imani akatafsiri kwamba monsieur anatumiwa. Na nani? Na mzungu mmoja. Kila siku.

Anaïs, kwa alivyosimulia mwenyewe, aliweka kalamu chini kwa uchungu. Alipoiinua aliandika: "Monsieur anajieleza kama mtu anayetumiwa na wengine." Siku nne baadaye akaenda likizo, akazaa binti wa kilo nne, na sentensi yake ikabaki ofisini ikichachuka.

Kamati inayosimamia wafungwa wa nje iliisoma na kutoa barua. Monsieur aeleze anatumiwa na nani na kwa lengo gani. Jibu lilirudi kwa mwandiko wa mke wake, Émérance, aliyekuwa na mwaka mmoja wa masomo ya Kifaransa na ujasiri wa miaka kumi: Monsieur Constant, Jumatatu mpaka Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Mjumbe mmoja alipiga mistari miwili ya wino mwekundu chini ya Jumamosi. Ndani ya jalada lile Monsieur Constant alikuwa ameshaota pembe.

Régine hakuamini pembe. Aliamini jambo la kawaida zaidi, kwamba Éliézer alikuwa mjanja anayejifanya mnyonge ili asiulizwe habari za chupa na za kazi. Alimwita, akamhoji kwa Kifaransa, robo saa bila kikombe cha maji.

"Toujours utilisé, monsieur?" Bado unatumiwa?

Éliézer akachangamka. Lile lilikuwa neno alilokutana nalo kwenye barua, na mtu wa Kifaransa kidogo hufurahi akikutana na neno analolifahamu.

"Toujours, madame. Même samedi."

Hata Jumamosi. Régine akatia nukta. Katika ripoti yake akaongeza sentensi moja, fupi, kavu, ambayo ilimpendeza: "Anaendelea kujiweka mahali pa mhanga." Akatia sahihi. Kamati ikapanga kikao siku ya Alhamisi. Kama wajumbe wangeiomba mahakama ifute kifungo cha nje, Éliézer angetoka kwenye kikao hicho akiwa na njia moja tu mbele yake, nayo ilielekea gerezani.

Jumanne alikuja kusaini kwamba amepokea wito. Alikuwa ameshika kalamu simu yake ikalia, akaomba radhi kwa mkono, akageukia ukuta.

"Émérance, mi niko huku ku bureau. Hapana, leo natumika après-midi, hapana asubuhi. Monsieur Constant alikubali. Kesho natumika kama kawaida."

Régine alikuwa akitafuta mhuri. Mkono wake ukasimama ndani ya droo.

Kila asubuhi, kwa miaka thelathini, baba yake alikuwa ametoka nyumbani kwao Likasi na kibuyu chake cha chai akielekea mgodini, na kila asubuhi alisema sentensi moja mlangoni: nawaacha, naenda kutumika. Mama yake alitumika sokoni. Mjomba alitumika reli. Kongo nzima hutumika, na neno hilo halina maana yoyote zaidi ya kufanya kazi. Huko Dar es Salaam kinachotumika ni kisu, sabuni, au mjinga. Bi Imani alikuwa na udhuru wa kuzaliwa mbali. Yeye Régine alikuwa na udhuru gani? Alikuwa amemuuliza mtu kwa mdomo wake kama bado anatumiwa, na alipojibiwa ndiyo, akaweka nukta.

Kiswahili kikamtoka kabla hajakishika.

"Unatumikaka fasi gani?"

Éliézer alimtazama kama vile meza ndiyo iliyosema.

"Ku buanderie, maman. Pale banafua manguo. Ni home ya bazee, kule Forest. Tunafuaka mashuka."

"Na Monsieur Constant?"

"Ni chef, mukubwa yetu ya kazi. Mutu muzuri, mais anaongeaka sana juu ya goti yake."

"Uko na contrat?"

"Iko mu téléphone. Kila lundi banatuma ya semaine. Mbele nilikuwa nasafisha mule kiwanda ya magari. Bakafunga, donc nikapata hii."

"Sasa kwa nini haukumuonyesha Madame Anaïs?"

"Nilitoa téléphone, maman. Akaniambia rudisha, rudisha, na machozi ku macho. Nikasema bon, huyu ameshaelewa."

Régine alichukua simu, akaikuta mikataba: thelathini na nane, wiki kwa wiki, bila pengo. Kila mmoja ulikuwa na saa zilezile zilizopigwa mistari myekundu. Mtu huyu alikuwa ametimiza sharti lake mpaka Jumamosi, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikimponza.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake. Mathilde alikuwa mwanamke wa sauti laini aliyehudhuria semina nyingi, na kila semina ilikuwa imemwachia neno moja la kukwepea. Alisikiliza mpaka mwisho huku akiyafuta vumbi majani ya ua lake la mezani.

"Vizuri sana," alisema. "Peleka mikataba. Andika kwamba vielelezo vipya vimepatikana. Hakuna haja ya kumweka mtu yeyote katika hali ngumu."

"Mtu gani?"

"Anaïs ana mtoto mchanga. Mkalimani ameapishwa. Na wewe, Régine, ulisaini. Wewe unayeijua lugha."

"Nikipeleka mikataba tu, ile sentensi inabaki. Watasema amezoea kudanganya, na sasa ameokoteza makaratasi."

"Au watasoma mikataba tu."

"Umewahi kuwaona wakisoma?"

Mathilde akarudi kwenye jani lake.

Régine aliandika nusu ukurasa siku hiyohiyo, bila huruma, maana hakuwa nayo. Kwa ile chupa Éliézer alistahili alichopata, na hata leo angemwambia hivyo. Lakini kumfunga mtu kwa sababu anaamka alfajiri kufua mashuka ya wazee, huo ulikuwa upumbavu, na upumbavu ulimchukiza kuliko uhalifu, kwa kuwa mhalifu angalau huwa na aibu ya kujificha. Aliandika neno lilivyo na maana yake. Aliandika kwamba mkalimani alilikosea. Mstari wa mwisho ulimchukua muda mrefu kuliko mingine yote: "Mimi ni Mkongomani, nilipaswa kulisikia neno hili mapema, na sentensi niliyoiandika juu ya mhanga naifuta."

Alhamisi Bi Imani alikuwa kwenye korido kabla ya Régine na Éliézer, kwa mtandio wa hariri na nakala ya ripoti mkononi. Safari hii alikuwa ameitwa aje mwenyewe.

"Dada Régine, nimesoma. Actually, umeniumiza. Mtu akisema anatumika, mimi nitasemaje? Hicho si Kiswahili, ni mchanganyiko."

"Mchanganyiko ndio uliokuita kazini, dada. Watu wa Kiswahili sanifu wakifika mahakamani husema Kiingereza."

"Mimi nimeapa kutafsiri kinachosemwa."

"Basi leo sikiliza kinachosemwa."

Wajumbe walikuwa watatu, katika chumba chenye joto la kupita kiasi: hakimu mzee, wakili, na mtumishi wa serikali aliyekuwa na kalamu nyekundu mfukoni. Hakimu alisoma nusu ukurasa wa Régine taratibu, midomo ikicheza. Kisha akainua macho, si kwa Régine, bali kwa mtandio wa hariri.

"Madame mkalimani, ni kweli? Neno hili lina maana ya kufanya kazi?"

"Kwa Kiswahili sanifu, hapana, Mheshimiwa Hakimu."

Wa kalamu nyekundu akaitoa mfukoni. Nusu ukurasa wote ulikuwa umepigwa pasi na kukunjwa kwa sentensi moja, na Éliézer, ambaye hakuelewa lolote, alikuwa akitabasamu kwa adabu kumpongeza anayemnyonga.

"Mheshimiwa," alisema Régine, "muulize yeye. Muulize alfajiri anakwenda wapi kufanya nini."

Hakimu akauliza. Bi Imani akatafsiri kwa Kiswahili chake safi, na Éliézer akamgeukia kwa heshima zote.

"Naendaka kutumika, maman. Nafua mashuka, naanika, nakunja, nafua tena. Njo kutumika kwangu."

Bi Imani alifungua mdomo, akaufunga. Chumba kizima kilimngoja atamke kwamba mtu huyu huenda kutumiwa kwa kufua, kuanika na kukunja. Alirekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro.

"Anakwenda kazini," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. "Anafanya kazi ya kufua."

Yote yalikwisha kwa dakika tatu. Masharti yataendelea mpaka muda wake uishe, gereza halitaombwa, ripoti itakayofuata iambatane na mikataba. Hakuna aliyemwomba Éliézer radhi. Hakimu alisema jambo hilo lilikuwa "la kuvutia sana kwa upande wa lugha," na mwenye kalamu nyekundu akacheka kidogo, kama aliyeonyeshwa kitu cha makumbusho. Katika kumbukumbu za kikao iliandikwa: kosa la uchapaji.

Nje, kwenye ngazi, Éliézer alifunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni.

"Kumbe unajuaka Swahili, maman."

"Najua."

"Ile siku yote, mi nilikuwa nahangaika na ile Français yangu, ulikuwa unaniangalia tu."

Régine alifungua mkoba wake, akaufunga tena. Éliézer hakungoja jibu. Alishaingiza mkono ndani ya koti na kutoa bahasha ya kahawia.

"Bon, maman, kwa kuwa unajua. Iko barua ya commune, bale ba manispaa, hapa, Émérance ameshindwa nayo..."

Mutoto ya kwetu. Dakika tano kamili. Miaka kumi na minne ilikuwa haijaongeza hata moja. Régine aliitazama bahasha, akaipokea, akaitia kwenye mkoba wake kama mtu anayeokota taka ya mwenzake.

"Lundi, neuf heures." Jumatatu, saa tatu asubuhi. "Na usinizoee."

"Lundi natumika, maman."

"Basi mardi, après-midi." Jumanne alasiri. Alitazama saa yake. "Enda utumike, papa. Monsieur Constant yuko na goti yake anakungojea."