Antena Iliyopanda Yenyewe

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilirudi Jinja kwenye maduka ya vipuri kutafuta antena ya gari, kwa sababu yangu ilivunjwa na waosha magari wa Bugembe. Muuzaji alinipangia mezani alizokuwa nazo: kijiti kifupi cha mpira, ya kubandika kwa ndani ya kioo, ndefu ya chuma iliyojaa vumbi, na ile ambayo kila gari la mjini linayo siku hizi, pezi la papa. Nikaligeuza pezi. Chini yake palikuwa na gundi tu. Nikamuuliza waya wake uko wapi.

"Madam, hiyo ya urembo tu," akasema. "Unabandika, gari inakuwa smati. Nani anasikiliza redio siku hizi?"

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nililirudisha pezi mezani, nikajifuta vidole kwenye gauni kama mtu aliyeshika panya. Papo hapo ikanijia harufu ya mafuta ya kupikia yaliyochacha, ingawa dukani mle hapakuwa na mafuta. Harufu hiyo naijua tangu nikiwa na miaka tisa. Nitakueleza ilikotoka, maana yule aliyestahili kuelezwa sikumweleza.

Tulikaa Mafubira, na Baba aliendesha teksi yake mwenyewe, gari kuukuu la rangi ya maziwa. Redio zilikuwepo mbili tatu kwenye kichochoro chetu, lakini betri zake zilikaa juani kuanikwa muda mrefu kuliko zilivyokaa ndani ya redio. Kwa hiyo redio ya watu wote ilikuwa ile ya gari letu. Kila siku Baba alirudi kula, akaegesha karibu na jiko la Mama, na saa saba mchana akafungua milango yote minne ili majirani wasikilize matangazo ya vifo. Mwalimu alikuja na chaki bado vidoleni. Jirani yetu Mnubi, fundi cherehani, aliketi kiti cha nyuma, miguu nje, akiendelea kushona pindo la nguo kwa mkono. Matangazo yakimgusa mmoja wetu, yeye ndiye aliyetangulia kulia, ili mwenye msiba asianze peke yake. Ukungu wa majivu ya miwa iliyochomwa mashambani ulitushukia, Mama akifunika vyungu na kulalamika.

Simu hatukuwa nayo. Bibi, mama yake Baba, alikaa Namatala kule Mbale, mwendo wa karibu saa tatu. Na sisi ni Waislamu, mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Ukisikia saa saba na gari unalo, unawahi kutia udongo. Usiposikia, basi.

Antena ya zamani ilipokatika, Baba alinichukua kwenda kuchagua mpya. Mzee wa Kihindi mwenye duka alimtolea mbili: fimbo ndefu ya chuma, nene, mbaya kwa sura, na nyingine ya mota, iliyokaa imejificha ndani ya bodi na kupanda yenyewe ukiwasha redio. Baba akazitazama kama mtu anayechagua mchumba.

"Bwana, chukua hii ndefu," mzee akamwambia. "Ile ya mota inataka oili kila siku, na vumbi ya hapa iko mingi."

Baba akachukua ya mota. Siku ya kwanza ilipopanda, kichochoro kizima kilipiga vigelegele, na Mwalimu akaomba iteremshwe ipande tena. Bibi tu, alipokuja kututembelea, aliitazama ikiingia ndani akakunja pua. Alisema inachukiza, inajikunja kama konokono aliyetiwa chumvi. Tulicheka sana.

Kazi ya kuipaka oili nilipewa mimi. Kila asubuhi kabla ya shule niliifuta kwa kitambaa, kisha tone moja la oili ya cherehani niliyoomba kwa fundi. Oili yake ilipokwisha, akaniambia nipitie dukani kumnunulia nyingine, naye atanigawia. Duka lilikuwa mbali na mimi mvivu. Jikoni palikuwa na kopo la mafuta ya kupikia. Nikachota kwa kidole.

Kwa siku kadhaa hakuna aliyegundua. Mafuta yaliganda usiku, yakashika vumbi na majivu ya miwa, yakawa tope jeusi linalonuka. Siku moja nilikuta sisimizi wamejipanga hadi ndani ya tundu lake. Nikaongeza mafuta mengine juu, nikaenda shule.

Ilikuwa Jumamosi ilipokwama. Saa saba majirani walikusanyika, Baba akawasha redio, antena ikapanda kiasi cha kiganja, ikalia kama paka, ikanyamaza. Redio ikatoa mchakacho mtupu. Baba aliivuta, ikateleza mkononi mwake. Akajifuta kwenye suruali bila kunusa. Fundi cherehani akasubiri kidogo, kisha akaenda zake. Baba akafunga milango.

"Leo hatuna msiba," akasema. "Tule."

Tukala matoke kwa mchuzi wa karanga. Nilikula vizuri, nikaongezwa. Mpaka leo siwezi kuvumilia kukumbuka nilivyolamba vidole.

Kesho yake abiria wa basi kutoka Mbale alifika kumuuliza Baba kwa nini hakuja. Tulipofika Namatala udongo wa kaburi la Bibi ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Shangazi hakupokea mikono yetu.

"Walisoma redioni mara tatu," alimwambia Baba. "Jina lako ndilo la kwanza kuitwa."

Tuliporudi Mafubira Baba aliikata antena kwa msumeno, akachomeka waya wa kutundikia nguo, na waya huo ulikaa hadi gari lilipouzwa. Tangu siku hiyo, akimwona mtu anachagua kitu chochote, hata sahani sokoni, alisema, "Mimi nilichagua uzuri, nikamkosa mama yangu." Alisema hivyo kwa miaka yote. Alisema hivyo hata kitandani alipokuwa mgonjwa, mimi nikimlisha uji kwa kijiko, na kijiko kikaendelea kwenda mdomoni mwake, na mimi nikaendelea kunyamaza. Tukamzika akiamini kosa lilikuwa lake.

Sasa misiba inakuja kwa simu, kila mtu na yake mfukoni, na hakuna jirani anayeketi kwenye gari lako ili akuanzie kilio. Kichochoro chetu kimejengwa kuta. Mwalimu hayupo, fundi cherehani hayupo.

Nilimwambia muuzaji anipe ile ndefu ya chuma. Akashangaa, akasema hiyo ni ya malori, lakini akatoka akaifunga, akainyoosha mpaka mwisho. Kisha akachovya kidole kwenye kopo la grisi.

"Nipake kidogo, madam, isishike kutu?"

Nikamshika mkono. Nikamwambia aiache ishike kutu.