Koti la Babu

Babu alifariki alfajiri, huko mashambani nyuma ya Ukonga, na habari ikatufikia Kariakoo saa tatu asubuhi. Shangazi akanunua bafta ya sanda, pamba na ubani, akavifunga kwenye kanga. Basi lilitushusha Ukonga. Ulibaki mwendo wa saa nzima kwa miguu, tukipita kwenye vichaka vya mikorosho ambako watu walikuwa wakinyang'anywa mchana kweupe.

Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, Kampala, na nilikuwa na majibu. Nikamweleza Shangazi kwamba wanyang'anyi hawa hawakuzaliwa wezi. Waliletwa kutoka bara kukata mkonge. Mkataba umekwisha, nauli ya kurudi kwao hawana, na kodi ya kichwa inawadai.

"Mtu kama huyo afanye nini?" nikauliza.

"Alime."

"Alime wapi?"

Wanaume wawili walikuwa wamesimama njiani. Aliyetangulia alishika panga. Mikono yake ilijaa makovu ya miiba ya mkonge, sawasawa na nilivyokuwa nikieleza, na jambo hilo halikunisaidia kitu.

"Tua mzigo, mama," alisema, kwa lafudhi ya Kinyamwezi.

Shangazi hakutua. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani: tunatukanana bila kosa, na kwenye msiba mtani huruhusiwa hata kuchukua kitu cha marehemu. Mila hiyo nilikuwa nikiicheka.

"We Mnyamwezi mwenye sura kama kisigino," alisema Shangazi, "umetembea toka Tabora kuja kuiba sanda? Chukua basi, na maiti umbebe mgongoni!"

Panga likapanda. Nikafumba macho.

"Nani kafa?"

"Baba yangu. Na kaburi halijachimbwa. Au mikono hiyo inajua mkonge tu?"

Nikasikia kicheko. "Wazaramo kwa uvivu! Hata kufa mnataka kusaidiwa."

Walitufuata. Wakachimba kaburi, wakamtania maiti, na mwenye panga akachukua koti la kijivu la babu kama haki yake ya utani. Nilikula naye sinia moja. Baadaye nikamnong'oneza Shangazi kwamba niende kwa jumbe wa kijiji.

"Ukamshitaki aliyemzika baba yangu? Thubutu!"

Siku ya tatu mchuuzi wa chumvi aliletwa msibani kwetu, nyumba iliyokuwa karibu na vichaka, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa damu. Alikuwa mgeni kutoka kusini, asiye na mtani kwenye vichaka vile. Jumbe alipokuja kumuuliza, alikumbuka kitu kimoja tu: koti la kijivu, limeshonwa kiraka begani.

Kiraka kile nilikishona mwenyewe likizo iliyopita.

"Kuna anayelijua koti hilo?" jumbe akauliza, akitutazama mmoja mmoja.

Shangazi aliinamisha kichwa. Nikawaza ile njia ya vichakani ya kurudi kwenye basi, ambayo kesho yake ningepita peke yangu.

"Hapana," nikasema.