Jina Nililoliandika Kwenye Fomu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo uso hunipata moto, ingawa mwisho wake ulikuwa wa heri. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa Kikwajuni, Unguja, nimefaulu mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana. Miaka ile ya hamsini, msichana wa Ng'ambo kupata nafasi kama hiyo halikuwa jambo dogo. Nilipita njiani na buibui langu nikijiona mrefu kuliko nyumba zote.

Mwalimu Salma, aliyetusomesha Kiingereza, akanipa fomu nikaijaze nyumbani. Mstari wa tatu uliuliza jina la "guardian". Sitakudanganya kwamba sikulijua neno lile. Nililijua vizuri kabisa kuwa ni mlezi, na ndiyo maana kosa langu halina pa kujificha.

Mlezi wangu alikuwa Bi Mwanaidi. Hatukuwa na nasaba. Baba alifariki sijazaliwa, mama akamfuata nikiwa na miaka miwili, na Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta mmoja, akanichukua siku ile ile ya maziko akanilaza kitandani kwake. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kimoja. Kusoma hakujua, na ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kwa sindano.

Nami nikaona haya. Nikawaza kwamba fomu itasomwa na wakubwa, nao watakuta mlezi wangu ni mtu wa kutia dole gumba. Basi nikaandika jina la ami yangu, ndugu wa baba, karani wa forodhani aliyekaa mtaa wa Malindi upande wa mjini, mwenye kanzu iliyonyooshwa pasi na kalamu mfukoni. Ami hakuwa mtu mbaya. Nilimwona mara mbili kwa mwaka, sikukuu ndogo na kubwa, akanipa kitambaa cha nguo na kuniuliza niko darasa la ngapi, na kila mara alikuwa ameshasahau jibu la mara ya mwisho.

Bi Mwanaidi nikamwambia kwamba fomu inataka mtu wa ukoo. Akanitazama kidogo. "Haya, kama ndivyo watakavyo," akasema, akarudi kwenye kofia yake.

Baada ya wiki moja chuo kikampelekea ami barua pamoja na fomu ile aimalize, maana ndiye niliyemtaja. Naye akaja nayo skuli mwenyewe. Mwalimu Salma, aliyetujua nyumbani kwetu, akatuita mimi na Bi Mwanaidi pia.

"Shikamoo, Bi," ami akamwamkia Bi Mwanaidi, kwa adabu zake zote.

"Marahaba, baba."

Kisha akamgeukia mwalimu. "Miye ndo nloandikwa mlezi, na nasema haendi. Mtoto wa kike kwenda kulala dahalia, mbali na nyumbani? Ndugu yangu angekuwa hai asingekubali."

Nilikuwa nimempa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu na mwandiko wangu mzuri, haki ya kunifungia mlango. Na yule ambaye angenitetea alikaa kwenye kiti cha pembeni, kwa sababu katika karatasi ile hakuwamo.

Mwalimu Salma hakubishana. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kueleza maneno. Ukimuuliza saa ngapi atakueleza neno saa limetoka wapi. Akashika chaki, akaliandika lile neno ubaoni.

"Waingereza wamelipokea kwa Wafaransa," akasema, "na Wafaransa nao wamelitoa kwa watu wa kale wa Kijerumani. Asili yake ni kuangalia, kukaa macho kitu kisije kikadhurika. Lina ndugu yake, 'warden', asili yao moja, ila yule kapitia mlango mwengine, akaandikwa kwa herufi nyengine. Na hii u hapa haisikiki, lakini ukiiacha umekosea."

Ami, aliyekipenda sana Kiingereza, akawa anaitikia kwa kichwa.

"Basi mlezi ni aliyekuwa akimwangalia mtoto," mwalimu akaendelea. "Ntaandika kwamba umekataa, bwana, lakini fomu hairudi mpaka mlezi ajaze ukurasa wa pili, wa daktari. Kachanjwa ndui mkono gani?"

Ami akakohoa.

"Surua kaugua lini? Ipo dawa inayomdhuru?"

Ami akanitazama usoni.

"Mkono wa kushoto," Bi Mwanaidi akasema taratibu, "na kidonda kikakawia kupona. Surua kaugua mwaka aloanza chuo cha Kurani, siku tisa nlilala chini kando ya kitanda chake. Kwinini humtapisha. Msimpe."

Ami akainamisha kichwa, kisha akatoa kalamu yake.

"Miye kazini kwangu sitii saini mzigo nsoufungua," akasema. "Mlezi siye mimi." Akalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akamsogezea Bi Mwanaidi fomu. "Sema wewe, Bi. Aende ama asende?"

Bi Mwanaidi akaiacha fomu pale pale. Akanigeukia mimi. "Ulinionea haya?"

Ningeweza kukana. Mbele ya watu wale wawili nilitamani sana kukana.

"Ndiyo, Bi. Nisamehe."

"Ungenambia tu. Nngekwambia andika utakalo. Lakini kunidanganya miye, ati fomu yataka ukoo!" Akanyoosha kidole gumba, akauliza wino uko wapi. "Aende. Nshamshonea foronya mbili za dahalia."

Wakati wote ule niliodhani kainamia kofia, mwanangu, alikuwa akinishonea foronya za mito ya safari. Nikalia pale pale, na kilio kile kilinipa raha ambayo sijui niieleze vipi. Ami akacheka, akanipa leso yake, na tangu siku ile hakusahau tena niko darasa la ngapi.

Nimesomesha miaka mingi baada ya hapo, na foronya moja ninayo bado. Ninachotaka uchukue kwangu ni hiki. Utajaza fomu nyingi maishani, nyengine za karatasi na nyengine za maneno mbele za watu. Ukiulizwa nani kakulea, mtaje aliyekesha nawe, hata kama hajui kuandika jina lake. Na kama umeshamficha mtu, kamwombe radhi angali hai wa kukusikia. Mimi niliwahi, na kila siku nashukuru kwamba niliwahi.

Mungu akujaalie usikose wa kukuangalia ukiwa mgonjwa, na akupe ulimi usioona haya kulitaja jina lake.